Macho ya Jemadari

Kila siku baada ya shule, Kimya alivua sare, akanawa mikono na kuketi mkabala na shangazi yake kwenye meza ya dirishani. Waliishi wawili tu. Jina la Kimya alipewa na wenzake darasani kwa sababu hakuwa msemaji, na shangazi naye akalipokea, akisema limemkaa kama kofia.

Shangazi alipaka rangi vijisanamu vya plastiki vya urefu wa kidole gumba. Mwenye duka la vitu vya kuchezea alimletea vya aina moja tu: jemadari wa anga, yule adui katili wa filamu ambaye kila mtoto mtaani alimwogopa na kumtaka. Stelingi, yule shujaa wa filamu, hauziki, shangazi alipenda kutania, ana meno meupe mno.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza kuosha plastiki kwa sabuni, kisha rangi ya kijivu, kisha joho jeusi. Mwisho kabisa yalikuja macho, nukta mbili nyekundu ndogo kuliko punje za chumvi. Hayo hakuruhusiwa mtu kuyagusa ila shangazi mwenyewe.

Lakini tangu muhula uanze, nukta zilikuwa zikipotea njia. Moja ilitua shavuni, nyingine kidevuni. Tena shangazi aliangusha kikombe cha kusafishia brashi, kilichokuwa ubavuni mwake, mara tatu katika wiki moja, akakilaumu kikombe. Kimya alimhurumia. Shangazi alipokwenda jikoni, yeye alichukua kijiti cha meno, akafuta nukta zilizokosea na kuziweka upya. Trei zilikwenda dukani, zikasifiwa.

Jirani yao, fundi cherehani, alipomshauri shangazi akapimwe macho, shangazi alicheka. Alisema macho yake ni mazima. Mbona hajarudishiwa hata jemadari mmoja?

Kimya aliposikia hayo, alikitazama kijiti cha meno mezani. Ushahidi huo aliutengeneza yeye.

Siku iliyofuata hakugusa trei. Alisubiri shangazi amalize kupaka. Basi akamchukua jemadari wa mwisho, rangi ikiwa bado mbichi, akashika kidole cha shangazi na kukigusisha penye nukta.

Shangazi alikileta kidole karibu na pua. Kilikuwa chekundu.

"Hapa nimegusa wapi?"

"Kidevuni, shangazi."

"Na wengine?"

"Wengi. Nimekuwa nikiwarekebisha tangu shule zifunguliwe."

Shangazi alifuta kidole kwa kitambaa. "Kwa hiyo nilikuwa nasifiwa kwa macho yako," akasema.

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uwezo wa kuona kidogo kidogo kutoka pembeni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na kidogo, na hicho kidogo kingelindwa kwa dawa ya matone kila siku, maisha yote. Kilichopotea hakingerudi. Kimya aliuliza kwa sauti ndogo ingekuwaje kama wangekuja muhula ulipoanza. Daktari akasema wangeokoa zaidi.

Alipopata habari, mwenye duka alikuja kuchukua trei zake. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba watoto hununua yale macho, akaondoka. Meza ikabaki na madoa ya rangi na jemadari mmoja aliyesahauliwa, mwenye doa jekundu kidevuni.

Jioni hiyo shangazi aliegemea kiti akainua uso. Kimya alifungua chupa ya dawa, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, utanikosa," shangazi alisema. "Nisikilize, mwanangu. Ulinihurumia ukanificha, na mimi niliogopa kupimwa nikajificha nyuma yako. Tumekosea wote wawili. Siku nyingine ukinihurumia, niambie."

"Nitakwambia, shangazi."

"Haya. Mkono wako hautetemeki, hilo nalijua."

Kimya akainamisha chupa. Tone moja likatua katikati ya jicho.