Kadi Zisizonukia

Saa tatu asubuhi, Ijumaa.

Turki aligeuza boksi la viatu juu chini, mfano wa kasha la Bi Khamisa, akaligonga kitako.

"Hapa. Skrubu nne. Kufuli liko juu, na ufunguo uko shingoni mwa Bi Khamisa. Hatuuhitaji. Sisi tunaingilia chini."

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, Mkunazini. Walikuwa watatu: Turki, mwenye kupanga, Amjad, mwenye mkono wa kuandika, na Dalal, anayekaa mezani katika ofisi ya Bi Khamisa, wanakopokelewa watalii wanaokwenda mashamba ya viungo.

Mwaka ule wa 2002 Bi Khamisa alikuwa na utaratibu wake. Kila mleta wageni ana namba. Humpa mtalii kadi yenye namba hiyo, mtalii huifikisha ofisini, Dalal huandika tarehe na kuitumbukiza kashani. Mwisho wa mwezi kasha hufunguliwa mbele ya wote, kila mtu akalipwa kwa wageni wake.

Turki, namba tisa, hakuwa na wageni. Alikuwa papasi, mvizia watalii wa mlangoni. Humngoja mtalii aliyehangaikiwa na mwengine tangu bandarini, akambadilishia kadi hatua tatu kabla ya kizingiti. Alikula hivyo miezi mitatu. Kisha Bi Khamisa akaanza kumuuliza kila mgeni, "Nani aliyekuleta kwetu?" Kadi za mlangoni zikawa zinachanwa. Ulaji ukakatika.

"Kwa hivyo leo tunabadilisha zote," alisema Turki. "Ziwe tisa."

"Si zote," alisema Amjad. "Muachie Ahmada chache. Tisa tupu zitapiga kelele."

Ahmada, namba nne, ndiye aliyeongoza kila mwezi. Hakuna aliyemuonea huruma.

Dalal alimpa Amjad udi, kifurushi kilichofungwa kwa karatasi. "Na kadi uzifukize. Kila asubuhi naweka chetezo chini ya meza, kasha limepachikwa mezani juu yake, kitako kimetokeza chini. Kadi za kweli zinanukia. Udi huu Bi Khamisa anaupika mwenyewe, hakuna mwengine mwenye harufu hii. Na pua yake si mchezo."

"Ntazifukiza."

Kwao Dalal, Bububu, walishaipokea posa ya Amjad. Yalibaki mahari, na mahari yalikuwa ndani ya kasha lile. Turki alimuahidi Amjad nusu ya malipo.

Turki akainama kuonesha tena skrubu. Hapo ndipo shati lake lilipopita mbele ya pua ya Amjad.

Udi ule ule.

"Mbona umenuna, bwana harusi?" Turki alimuuliza. "Tumbo limeshaanza?"

Dalal akacheka. Cheko dogo tu. Likamkaa Amjad kooni kama mwiba wa changu.

Saa nne na nusu.

Alikuwa peke yake na kadi mia mbili. Mkaa ulishashika.

Amjad hakuwa mtu wa pupa. Alifikiri kama alivyoandika, herufi kwa herufi. Shati halinukii udi kwa kupita njiani. Huvuliwa, likatandazwa juu ya chetezo, na aliyelitandaza huwa mwanamke mwenye haki nalo. Mama yake alimfukizia baba yake hivyo kila Ijumaa. Yeye, Dalal hajamfukizia hata leso.

Namba tisa ni ya Turki peke yake. Kadi zikikamatwa, zitamkamata Turki.

Akaumwagia mkaa maji. Kifurushi akakirudisha mfukoni.

Saa saba kasoro dakika ishirini.

Njia zilikuwa tupu. Wanaume walikuwa msikitini, Bi Khamisa juu, kwenye msala wake. Sauti ya hotuba iliingia dirishani. Dalal alisimama mlangoni. Turki alilala chali chini ya meza, bisibisi mkononi.

Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu iligoma.

"Kaza mkono, mwanamme," Dalal alinong'ona.

"Imeota kutu, bibi wee!"

Ya nne. Kadi za kweli zikamporomokea kifuani.

"Lete zetu. Umezifukiza?"

"Nshazifukiza," alisema Amjad.

Turki hakunusa. Pale chini kila kitu kilinukia.

Saa kumi, baada ya alasiri.

Waleta wageni walijaa ofisini, Amjad amesimama nyuma yao. Bi Khamisa alivua ufunguo shingoni, akafungua, akagawa kadi mafungu. Fungu la tisa likawa kilima.

"Shikamoo, Bi Khamisa," alisema Ahmada kwa upole.

"Marahaba."

"Mimi siku moja tu nimeleta wageni kumi na mmoja. Hapo naona kadi sita za mwezi mzima."

Bi Khamisa akainua kadi moja. Akaipeleka puani. Akachukua nyengine. Akalinusa kasha.

"Kasha limefukizwa mwezi mzima," alisema. "Kadi hazina habari."

Akamwendea Turki, akasimama karibu naye.

"Kadi zako hazinukii, lakini shati lako linanukia udi wangu. Wewe umelala chini ya meza yangu."

Turki akaruka kizingiti. Alifika hatua tatu, pale pale alipozoea kuwavizia wageni. Wachukuzi wa mlangoni wakamlaza chini.

Bi Khamisa akamgeukia Dalal. "Wakati wa sala ulikuwemo wewe tu. Sema, mwanangu."

Dalal alisema, "Jana alikuja kuhesabu skrubu. Alijilaza pale, chetezo kinawaka, mpaka akapaliwa na moshi. Nilimcheka. Leo akaja kubadilisha."

Amjad alisikia kila neno. Chini ya meza. Moshi. Hakuna aliyelivua shati lile.

"Na mwandishi wa kadi?"

Dalal hakumtazama Amjad hata kidogo. "Simjui."

Askari aliitwa. Watu wakapisha njia. Bi Khamisa akapita taratibu mbele yao, akimnusa mmoja mmoja, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Mbele ya Amjad akasimama.

"Na wewe, mwanangu. Mfukoni una nini?"

Amjad akatia mkono mfukoni. Kifurushi kilitoka, karatasi ikafunguka. Udi ulikuwa mzima, haujavunjwa hata kipande.

Ndipo Dalal alipomtazama. Akautazama udi, akamtazama tena, polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Hukufukiza," alisema.