Kiti cha Pembeni ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa anacheka…

Na si kucheka tu. Alikuwa ameshika usukani wa gari letu, na pembeni yake amekaa mwanaume. Mwanaume mzima, ndevu zimechongwa, mkanda amefunga, ametulia kama yuko kwake!

Jamani, damu ilinichemka. Nilikuwa natoka zamu ya ghalani, mkate mkononi, nasubiri kuvuka barabara. Taa nyekundu ikawasimamisha mbele ya macho yangu. Ule mkate sijui niliutupia wapi.

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Kwetu nilikuwa dereva wa malori, wenzangu wakiniita Tairi Kumi. Tulipohamia huku ugenini, leseni yangu ilikubaliwa kwa mwaka mmoja tu. Baada ya hapo sheria inataka mgeni afanye mtihani upya, wa darasani na wa barabarani.

Mimi? Nikae na vijana wa juzi nifundishwe maana ya taa nyekundu? Nikagoma. Gari likabaki nje. Kila Jumapili nalifuta vumbi, naliwasha lingurume kidogo, roho yangu itulie.

Leo gari lile lile linatembea, na dereva si mimi!

Sitawaficha, wivu wangu ulikuwa wa pande mbili. Yule mwanaume alinikera. Lakini ule usukani mikononi mwa mke wangu ulinikera zaidi.

Nikavuta mlango.

"Wewe ni nani yake?"

Jamaa akageuka kutazama nyuma. Jibu likatoka kiti cha nyuma.

"Shemeji, punguza sauti. Mtoto amelala."

Nikachungulia… Mwanamke, kichanga kifuani. Mke wa jamaa!

Mke wangu akaegesha kando, akanieleza taratibu. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kuuguza wagonjwa majumbani mwao, kazi aliyoitamani tangu tufike, ila lazima awe na leseni. Mtihani ulikuwa keshokutwa. Na anayejifunza haruhusiwi kuendesha bila kukaa na mtu mwenye leseni ya hapa, tena aliyekaa nayo miaka. Jamaa alikuwa mpishi wa hospitali anakofanya kazi mke wangu, akimsaidia wakitoka kazini. Mkewe alikuwa anakuja nao ili watu wasije wakasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenicheka," akasema. "Kama ulivyonicheka nilipokuuliza klachi ni ipi."

Kweli nilimcheka.

Hapo mwenye akili angeomba radhi, akapanda nyuma. Mimi nikamshukuru mpishi na kumwambia ashuke, kuanzia sasa mwalimu ni mimi. Wakashuka na mfuko wao wa nepi, wanatazamana.

"Leseni yako hapa haihesabiki," mke wangu akaniambia.

"Nimeteremsha lori mlimani breki zimekufa. Unataka hesabu gani tena? Twende."

Akaendesha. Na anajua! Nilimtafuta kosa nikalikosa, wivu ukapanda. Nikaanza kumfokea bila sababu: badilisha gia, ongeza mwendo, unaogopa nini… Akababaika, gari likazimika katikati ya njia panda, mbele ya askari wa barabarani.

Askari akaomba leseni yangu. Nikamtolea ile ya kwetu kwa madaha. Akaigeuza, akanirudishia kwa heshima zote, kisha akaita gari la kuvuta magari.

Letu likaondoka limeinuliwa pua. Kibali cha kujifunzia cha mke wangu kikafungiwa, mtihani ukafutwa, kazi akapewa mwingine. Wala hakunigombeza. Aliingia bafuni akafungulia maji ili nisisikie analia.

Nilisikia.

Kibali kilipofunguliwa alirudi kwa mpishi wake, akafanya mtihani, akafaulu mara ya kwanza. Kazi nyingine ikaja. Kila asubuhi anaondoka na gari, mimi nabaki dirishani, wivu unanitafuna. Mwisho nikasalimu amri. Mimi Tairi Kumi nikaenda kuchukua kibali cha mwanafunzi! Nikamwomba mke wangu anifundishe.

Akatabasamu. Tabasamu lile silisahau.

"Leseni yangu bado changa, baba. Sheria hainiruhusu kukaa pembeni yako."

Mnajua ilibidi nimpigie nani simu…

Sasa kila Jumamosi mpishi amekaa kiti kile kile, ametulia kama yuko kwake. Nyuma wapo mke wangu na mke wa mpishi, wamempakata mtoto, wanacheka. Wananicheka mimi, najua.

"Kioo kwanza, shemeji," mpishi ananiambia.

Naangalia kioo. Nitafanyaje?

Wanaume wenzangu mlio ugenini, uzoefu wa kwenu ni wako, hakuna wa kukunyang'anya. Ila askari wa huku haujui. Kakae darasani mapema, usimponze mkeo. Na kabla hujavuta mlango wa gari kwa hasira, chungulia kwanza kiti cha nyuma.

Mtihani wangu ni Jumatatu. Lori nalirudisha nyuma nimefumba macho, lakini kuegesha kagari kadogo kati ya magari mawili… niombeeni tu.