Gauni la Kijani Ukutani

Fundi cherehani alifika kwenye jumba la makumbusho kupeleka sare za walinzi, si kutazama picha. Lakini Jumapili ile kiingilio kilikuwa bure, watu wamejaa pomoni, na njia ya kutokea ilipita kwenye ukumbi wa picha ambazo tajiri mmoja, sasa marehemu, aliuachia mji. Hapo ndipo moyo ulipompiga paa.

Ukutani, ndani ya picha, alikuwapo mpenzi wake, muuguzi! Macho yaleyale ya kurembua, shingo ileile, na gauni la kijani lenye majani matatu yaliyodariziwa kwenye kola. Gauni hilo ndilo lililowakutanisha. Mwaka jana muuguzi huyo alilileta dukani lipunguzwe kiuno, na tangu siku hiyo fundi hakujua usingizi. Kumbe alilivaa akakaa kutwa nzima akitazamwa na mwanamume mwingine! Akajikaza kisabuni, akapiga simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Niko na mama, Fundi wangu. Umeshanikumbuka?"

"Mama! Na yule tajiri mwenye picha, ulimwambia uko na nani?"

"Tajiri gani tena?"

Sauti aliisikia sikioni na nyuma yake pia. Akageuka. Muuguzi alikuwa hatua tano tu, blauzi nyeupe, simu mkononi.

"Kumbe uko hapa! Unakaa uchorwe, halafu mimi nakushonea!"

"Shusha sauti, watu wanatutazama."

"Sishushi! Gauni lile nalijua, nimelishika kwa mikono hii!"

"Umelishika? Basi tazama kiuno, fundi mzima wewe!"

Akatazama. Kiuno kilikuwa kipana, na mishono miwili aliyoipitisha yeye haikuwapo. Kibandiko cha chini kilitaja mwaka ambao muuguzi alikuwa hata hajazaliwa. Kwenye benchi, nyuma ya muuguzi, aliketi mama mmoja mwenye mtandio, macho yamelowa. Fundi hakuwahi kumwona, lakini shingo ilikuwa ileile.

"Shikamoo, mama," alisema, akitamani ardhi immeze.

"Marahaba, mwanangu. Huyo ukutani ni mimi, kabla gauni sijampa binti yangu. Mwenye picha, yule tajiri marehemu, alikuwa mchumba wangu. Siku moja alinikuta nacheka na binamu yangu. Hakuuliza, akaondoka moja kwa moja. Leo ndiyo najua kwamba picha yangu aliitunza."

Muuguzi akamkazia macho fundi. "Sasa chagua. Unataka mtu au unataka picha?"

Fundi akavuta utepe wa kupimia uliokuwa bado unaning'inia shingoni. "Nataka mtu. Nikupime gauni la harusi, kama bado unanitaka."

"Ngoja kwanza nikacheke na yule mlinzi pale. Ukivumilia, nitarudi unipime."

Akaenda kweli, akacheka, tena kwa sauti. Mlinzi mwenyewe kijana mtanashati, ndani ya sare aliyoishona fundi. Jasho likamtiririka fundi, akauviringisha utepe mkononi mpaka vidole vikamuuma.

Mama akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Yule wangu hakukaa."