Nyama Isiyo Yake

Walianza sisimizi. Alice aliwaona mchana, pale mapokezi ya hoteli aliyofanyia kazi mjini Voi: msururu mwembamba umeshuka ukutani, umelipita bakuli la sukari lililokuwa wazi bila hata kuligusa, ukapanda mguu wa kiti chake. Alijipangusa, akahamia kiti kingine. Wakamfuata.

"Umekalia soda?" akauliza Geoffrey, mwenzake wa zamu, akicheka.

Alice alicheka pia, lakini moyoni alijua walikokuwa wakielekea. Walikuwa wanayaendea makalio yake mapya.

Alikuwa ametengenezwa wiki chache nyuma, huko Maungu, kwenye nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya maegesho ya malori. Mpangaji wa nyumba hiyo alijiita Daktari Donald. Tumbo lililobaki baada ya kujifungua lilimkera Alice kwa miaka, na Donald alikuwa na simu iliyojaa picha za wanawake wenye viuno vya nyigu, wote, kwa maneno yake, wametoka mikononi mwake. Alice hakuuliza leseni. Hakuuliza ni nani angemlaza usingizi, wala wangefanya nini moyo ukigoma. Alilala juu ya meza iliyotandikwa nailoni, afyonzwe mafuta tumboni yatiwe nyuma. Usingizi ukimchukua, alimsikia Donald akimwambia msaidizi wake, "Hayatoshi haya. Ongeza yale ya kwenye friji."

Baada ya sisimizi ikaja harufu. Ilikuwa ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi, na chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama nguo iliyovundia kwenye beseni. Alice alioga asubuhi na jioni, akajisugua kwa maji ya dawa hadi ngozi ikawasha, na bado mumewe Ronald alikula akiwa amegeukia dirishani. Upande mmoja wa makalio ulichemka kwa homa. Ule mwingine ulikuwa baridi, baridi ya nyama inayotolewa kwenye barafu, na Alice alipoubonyeza, kidole kilizama, shimo likabaki, likajaa polepole, kisha kitu kilicho ndani kikakisukuma kidole nje.

Alitapika palepale bafuni.

Jumapili mchana, wakiwa mezani na binti yao Abby, mdomo wa Alice ukafunguka. Yeye hakuufungua. Alikuwa na tonge mkononi, akili zake timamu kabisa, akamwona Ronald akiacha kutafuna, akahisi ulimi wake ukigeuka mdomoni kama wa mtu mwingine, na sauti nyembamba ya msichana ikatoka kwenye koo lake ikisema Kikamba, yeye Mtaita ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu za sokoni, ikasema na kulia na kuita, na kila neno lilipopita kwenye meno alionja utamu wa kitu kilichooza, mpaka machozi yakamtoka kwa kinyaa.

Walimwita mchungaji. Aliomba hadi shati likalowa. Mdomo wa Alice ukangoja amalize, ukaendelea. Ndipo Ronald akamkimbilia jirani yao, Mama Munyoki, Mkamba wa Kibwezi, ambaye aliingia akiwa ameziba pua kwa leso.

"Mama Munyoki, ni jini?" Ronald alinong'ona. "Anasema nini?"

"Anamwita mamake. Mwaitu, mwaitu." Mama Munyoki aliinama karibu, akauliza kitu kwa Kikamba, akajibiwa. Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Baba Abby, huyu si jini. Anasema anaitwa Kaveke. Namjua! Mamake anauza tikiti maji pale Maungu. Huyu msichana alikufa mwaka jana kwa huyo daktari wa makalio, wakaambiwa ni presha."

"Sasa anataka nini kwetu?"

Mama Munyoki hakuhitaji kuuliza. Mkono wa Alice ulikuwa umeshuka wenyewe, ukaifinya nyama ile ya baridi, na sauti ikasema neno moja.

"Anasema ni yake," alisema Mama Munyoki. "Anasema walimzika amepungua."

Kesho yake walikuwa Mombasa, mbele ya Daktari Muinde, mama wa makamo mwenye kazi ya kurekebisha maumbile. Alifunua shuka, akaangalia.

"Ulipimwa damu? Moyo? Kulikuwa na oksijeni chumbani?"

"Sikuuliza," Alice alisema, uso ukutani.

"Mafuta ya mtu hayatiwi kwa mwingine, mama. Yanaoza. Na hata ya kwako mwenyewe, nikiyatia kwa usafi wote, yakiingia mshipani yanakimbilia mapafuni, unakufa mezani. Ndiyo sababu daktari wa kweli anakueleza hayo kwanza, ndipo unaamua. Asiyekueleza, mkimbie."

Alimpasua siku hiyohiyo. Ronald alipoomba apewe kilichotolewa, Daktari Muinde alikataa kwanza. Vitu kama hivyo huchomwa, alisema. Kisha akamtazama vizuri, akampa ndoo iliyofungwa. "Tumetoa tulichoweza kukiona."

Walikizika Maungu, kando ya kaburi la Kaveke. Mamake aliipokea ile ndoo, akaipakata kifuani bila kujali harufu, akaizungushia leso yake, akaimbia kitu kwa sauti ya chini. Alice alisimama kwa magongo, hakuweza kumtazama. Polisi walipovunja mlango wa Donald waliikuta nyumba tupu. Hata friji ilikuwa imehamishwa.

Harufu iliisha. Sisimizi waliacha kuja. Makalio yalibaki na makovu na mashimo ya kutisha, lakini Alice aliyapaka dawa kwa upole kwa sababu yalikuwa yake. Ronald akarudi kula akiwa amemgeukia.

Ndipo asubuhi moja, wakinywa chai, mdomo wa Alice ukafunguka tena.

Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye heshima zake, na ilisema Kidawida, Kitaita cha milimani kule Wusi, hivyo hapakuhitajika mkalimani.

"Mwenzetu mmempeleka kwao," ilisema. "Na sisi je?"

Na nyuma yake, ndani kabisa ya koo lake, Alice akasikia wengine wakikohoa, wakingoja zamu.