Ile Chapati Kwenye Karatasi ya Sumeya

Kitu cha kwanza nilichoona ni neno chapati.

Halikuwa kwenye karatasi yangu. Lilikuwa kwenye karatasi ya mwanamke mwingine, kwa mwandiko wa mwanamke mwingine, limepigiwa mstari mwekundu kwenye skrini kubwa ya ofisi.

Na kando ya ile skrini alikuwa amesimama Rama. Rama wangu.

"Rama," mkuu wa chuo akamuuliza, "kati ya hawa wawili, nani alinakili?"

Rama hakunitazama hata mara moja. Aliinua mkono, akanyoosha kidole.

Kwangu!

"Ni huyu, Madam. Huyu wa chapati."

Wapendwa... ngojeni niwarudishe nyuma kidogo. 

Naitwa Kamene. Nyumbani ni Ngoliba, kule chini kwenye joto.

Shule niliacha kabla sijamaliza msingi. Nikiwa darasa la tano mwalimu aliniuliza swali, nikasimama, nikajibu. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka.

Tangu siku hiyo sikusimama tena.

Baadaye mama akaanguka akipalilia mahindi. Upande wake mmoja ukafa. Nikabaki nyumbani kumlea, na hakuna mtu aliyekuja kuuliza mbona sirudi darasani.

Nilipokuwa mkubwa nilimwacha mama na jirani yetu Mwanarusi, nikaja Mugutha kupika chapati kwenye kibanda. Kibanda chenyewe kilikuwa mbele ya geti la chuo kimoja kinachofundisha watu kuhudumia wagonjwa.

Ndipo chuo kikatangaza nafasi moja ya kusoma bure.

Hawakutaka cheti! Walitaka ufanye mtihani wao tu, kwa Kiswahili. Atakayeongoza anasoma huku akifanya kazi kwenye nyumba yao ya wazee kule Thika. Na pale mfanyakazi anaruhusiwa kulaza mzazi wake au mkwewe.

Nilisoma lile tangazo getini nikiwa na unga mikononi.

Kitanda. Cha mama.

Mwanarusi ni mtu mzuri, lakini naye ana umri wake na shamba lake. Kuna siku alikuwa anachelewa kumgeuza mama. Nikienda nyumbani nilikuwa nakuta alama nyekundu mgongoni mwake. Mama alikuwa anasema haziumi. Nilijua zinauma.

Sasa huyu Rama...

Rama alikuwa mtu wa kompyuta wa kile chuo. Mchana alikuwa anakuja kwangu, chapo mbili na madondo, yale maharagwe yangu.

"Sasa, mrembo wa chapo?"

"Poa."

"Heh! Leo umetoa sauti. Jana uliniitikia na kichwa kama mjusi."

Nikacheka. Mimi! Mimi nisiyecheka na wateja.

Nilipomwambia nataka kujaribu ule mtihani, hakunidharau. Alikaa kwenye kile kiti changu kibovu, akanieleza.

"Hakuna mtu anasahihisha, Kamene. Karatasi zinapita kwa skana, kompyuta inasoma mwandiko, inalinganisha na mwongozo rasmi. Hoja iko kwa mwongozo, unapata alama. Haiko, inapiga mstari mwekundu, inasonga mbele. Basi."

"Na haikucheki?"

"Mashine? Ikucheke na mdomo gani?"

Nikaipenda ile mashine hapo hapo.

Basi akawa ananifundisha nyuma ya kibanda, wateja wakiisha. Kunawa mikono. Kulisha mtu ambaye hawezi kumeza vizuri. Nilikuwa nashika haraka, kwa sababu mengi nilikuwa nimeyafanya kwa mama bila kujua yana majina.

"Ukipita," akaniambia, "nakuja Ngoliba na wazee wangu."

"Kufanya nini?"

"Kunywa chai." Halafu akanifinya kidole. "Kamene, wewe ni mtoto?"

Jamani... Sikulala.

Mchana mmoja tulikuwa kwenye somo la kumgeuza mgonjwa. Nilikuwa na chapati kwenye karai. Hapo ndipo yalizaliwa yale maneno:

"Mgonjwa ni kama chapati, ukimsahau upande mmoja ataungua kabla hujasikia harufu."

Tulicheka mpaka nikaangusha mti wa kusukumia. Rama akafuta machozi.

"Hiyo usimwambie mtu," akasema. "Hiyo ni yetu."

Sikumwambia mtu.

Siku ya mtihani nilipofika swali la kwa nini mgonjwa hugeuzwa, niliandika hoja zote kama zilivyo kwenye mwongozo. Kuzuia vidonda. Damu itembee. Kukagua ngozi. Kisha nikaongeza ile ya chapati.

Nilijua mashine haitanipa kitu. Niliiandika tu kwa sababu hapo kwenye lile swali nilimwona mama.

Wiki iliyofuata mlinzi wa geti akaja mbio kibandani.

"Wewe Kamene! Unaitwa ofisini. Wanasema umeongoza!"

Niliacha moto ukiwaka. Nilimpigia Mwanarusi nikitembea.

"Mwambie mama nimepata kitanda!"

Nilimsikia Mwanarusi akipiga kigelegele, na nyuma yake sauti ya mama, ile sauti yake nzito ya upande mmoja, ikiuliza, "Kamene? Ni Kamene?"

Laiti ningengoja.

Ofisini alikuwa Madam Ndung'u, mkuu wa chuo. Rama kando ya skrini. Na kwenye kiti, mwanamke wa rika langu, amevaa buibui la kijivu, mjamzito. Sikumjua.

"Huyu ni Sumeya," Madam akasema. "Amekuwa wa pili, nyuma yako. Kaa."

Nikakaa.

"Majibu sahihi yakifanana hatushangai. Mwongozo ni mmoja, lazima mfanane. Lakini mashine imetuonyesha kitu." Akagonga skrini na kalamu. "Hii chapati haiko kwa mwongozo. Haiko kwa karatasi ya mtu mwingine yeyote. Iko kwenu wawili tu, neno kwa neno. Sasa mnieleze."

Nikamtazama Rama. Nilidhani atasema, ni mimi niliwafundisha wote.

Na hapo ndipo kidole kilinyooka.

"Ni huyu, Madam. Huyu wa chapati."

"Una hakika?"

"Kabisa. Mimi hula kwake. Nikikaa pale nampigia mke wangu simu, namsomesha kidogo kidogo. Kumbe mwenzangu alikuwa ananyoosha masikio."

Mke wangu.

Alisema... mke wangu!

Sumeya alitabasamu kwa aibu kidogo, mkono juu ya tumbo. Skrini ilianza kucheza machoni mwangu.

"Msishtuke kwamba ni mkewe," Madam akasema. "Alitwambia mapema, nasi tukaona hakuna shida. Ndiyo maana tuna mashine. Mashine haina mke."

Kisha akanigeukia. Na sitamsingizia, aliniuliza kwa upole.

"Kamene, una la kusema? Hakuna mtu anakufukuza. Hebu niambie, hii chapati uliitoa wapi?"

Wapendwa, nilikuwa na kila kitu cha kusema!

Kwamba huyu mtu ananifinya vidole nyuma ya kibanda. Kwamba amesema atakuja kwetu na wazee. Kwamba hajawahi kupiga simu ya masomo mbele yangu hata siku moja.

Nilifungua mdomo.

Nikasikia darasa la tano. Lote. Wakicheka.

Nikaufunga.

"Kamene?"

Nikatikisa kichwa.

"Ngai," Madam akasema polepole, kama mtu aliyevunjika moyo. "Haya. Rama, ifute."

Na ni Rama mwenyewe aliyebonyeza. Niliona alama zangu zikitoka pale juu, ikabaki sifuri. Mashine haikucheka. Haikulia pia. Ilikaa tu ikingoja karatasi nyingine.

Nikiwa mlangoni, nimeshika kitasa, nikamsikia Madam nyuma yangu.

"Lakini Rama, huu mfano wenyewe ni mtamu sana. Tuuingize kwa mwongozo, wanafunzi wataukumbuka."

"Asante, Madam," Rama akajibu. "Ulinijia tu."

Nilirudi kibandani nikakuta chapati zimekuwa makaa.

"Leo mrembo wa chapo anatulisha mkaa!" mteja mmoja wa bodaboda akapiga kelele. "Ama umepata mume?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Simu ikalia. Mwanarusi.

"Kamene, huyu mama yako leo hataki hata uji. Anasema atakula Thika. Ameniambia nimfungie ile leso yake ya maua. Gari linakuja lini?"

Nikaanza kukwangua mkaa kwenye karai.

"Kamene? Unanisikia?"

"Bado kidogo," nikasema.

"Usichelewe, mwanangu. Ule mgongo umefunguka. Nimeogopa kukwambia jana."

Nikakata simu. Nikakaa chini kwenye unga, mchana kweupe, mbele ya watu.

Rama hakuja kula tena. Alikuwa anapita geti lingine.

Lakini Sumeya alikuja.

Alikuja peke yake, wateja wakiwa wameisha. Alisimama mbele ya karai, akanitazama mikono kwa muda mrefu. Nilikuwa nageuza chapati na vidole, kama ninavyofanya siku zote.

"Unajua wameiweka kwa mwongozo?" akaanza. "Sasa kila atakayeandika hiyo chapati anapewa alama mbili."

Nikaongeza mafuta.

"Nataka nikuulize kitu, dadangu. Na usinidanganye, maana nimebeba mtoto wake." Akasogea karibu. "Rama hajui kupika hata chai. Nimekaa naye, namjua. Hajawahi kushika chapati isipokuwa anaiweka mdomoni. Nilipomuuliza mfano huu ameutoa wapi, akanifokea. Hakuwahi kunifokea."

Nikasukuma kuni ndani.

"Mimi aliniambia jioni, tukisoma, si kwa simu; pale ofisini niliona haya kumkosoa. Nikacheka, nikaandika. Sikujua kuna mtu mwingine." Akaonyesha karai. "Chapati aliitoa wapi?"

Nikageuza chapati. Ilikuwa haijaiva, nikaigeuza tena.

"Niambie tu," akasema. "Haki ya Mungu, ukiniambia narudi kwa Madam sasa hivi. Hata nikikosa hiyo nafasi. Hata nikirudi kwetu."

Fikirieni! Mwanamke aliyepewa kitanda cha mama yangu amesimama mbele yangu, anataka kunirudishia. Neno moja tu!

Niliangalia lile tumbo. Niliangalia pete kidoleni mwake.

"Sijui," nikasema.

Alingoja. Alingoja sana. Kisha akafunga buibui lake vizuri, akaondoka bila kugeuka.

Sasa mtaniuliza kwa nini. Kila siku najiuliza mimi mwenyewe. Nilijidanganya kwamba ni huruma, kwamba sikutaka kumvunjia mtu nyumba. Si kweli. Ilikuwa ni koo. Koo langu lilifungwa miaka ile na halikuwahi kufunguka.

Niliuza karai, nikarudi Ngoliba.

Naandika haya nikiwa nimekaa kando ya mama. Kidonda ni kirefu. Nakiosha, nakifunika, namgeuza. Daktari wa zahanati amesema angelazwa mahali pazuri mapema, tusingefika hapa. Hakujua anamwambia nani.

Kule Thika, Sumeya ameanza kazi. Kwenye kile kitanda analala mama yake Rama.

Jana Mwanarusi alikuja na simu ya mjukuu wake. "Hebu ona, si hiki ndicho chuo chako?" Lilikuwa tangazo lao, limepambwa kwa maua. Juu wameandika: Mgonjwa ni kama chapati. Chini, picha ya Rama akitabasamu.

Watu wamempongeza kweli kweli. "Mwalimu ana akili!" "Mungu akubariki, kaka!"

Nimewaza sana kuhusu ile mashine. Niliipenda kwa sababu haicheki. Nikadhani kitu kisichocheka ndicho chenye haki. Lakini mashine inalinganisha tu kilichoandikwa na kilichoandikwa. Haijui nani alikuwa na unga mikononi neno lilipotoka.

Hilo ni la mdomo wako, dada yangu unayesoma. Lisemee mle mle chumbani, watu wakiwa bado wamekaa. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Wakicheka, wacheke. Kicheko kinaisha. Kidonda cha mgongo wa mama yangu ndicho hakijaisha.

Asubuhi hii nilipokuwa namgeuza, midomo yangu ilikuwa inacheza. Mama akafungua lile jicho lake zima.

"Waongea na nani?"

"Na Sumeya."

"Sumeya nani? Mwambie kwa sauti. Mimi sisikii, yeye atasikiaje?"

Basi nasema kwa sauti, mama yangu shahidi.

Sumeya, labda na wewe huwa unasoma hizi simulizi. Uliniuliza, nikakwambia sijui. Nilijua. Siku ile Rama alisoma swali, mimi nikaangalia karai, nikamkumbuka mama, nikayasema yale maneno. Yeye alicheka tu.

Ile chapati ni yangu.