Kola ya Suti ya Harusi

— Vua shati.

— Fundi, kola inabana tu. Iachie kidogo.

— Nimeshaiachia mara mbili! Vua shati, Mwalimu!

Zilibaki siku tisa wafunge ndoa, na bibi harusi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimshonea bwana harusi suti. Alimzungushia futi shingoni. Inchi kumi na saba! Miezi mitatu nyuma zilikuwa kumi na tano na nusu, na yeye, fundi mzima, alikuwa akiachia mshono tu akidhani mwanaume ananenepa kwa raha za uchumba. Leo ndiyo aliona. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na uvimbe mwekundu, umebandikwa plasta.

— Jipu hilo, — Mwalimu alisema kwa sauti iliyokwaruza. — Na sauti ni vumbi la chaki.

Simu yake ikalia juu ya meza ya kukatia. Fundi aliiwahi. Ujumbe ulitoka kwa muuza dawa, rafiki wa Mwalimu tangu utotoni:

"Dozi ya tatu ipo. Ila safari hii nenda hospitali, nakusihi. Nimechoka kumficha shemeji."

— Dozi ya tatu ya nini?

— Ya jipu. Linapoa, halafu linarudi.

— Alikwambia uende hospitali lini?

— Mwezi uliopita.

— Hukwenda kwa nini?

Mwalimu alinyoosha mkono kuchukua shati lake.

— Nakuuliza wewe!

— Alitaja saratani! Nikasema tuoane kwanza.

— Tuoane kwanza ndiyo nini?

— Ukishakuwa mke wangu... hutaondoka.

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Miaka minne ya mapenzi, na mwanaume huyu bado alimwona mtu wa kukimbia!

— Kwa hiyo ulitaka unifunge kwanza, halafu unikabidhi ujane? Vaa viatu. Sasa hivi!

Hospitalini, daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimchungulia kooni, akambonyeza shingo.

— Uvimbe huu umeanza lini?

— Wiki mbili hivi, — Mwalimu alijibu.

Fundi akatoa daftari la vipimo kwenye mkoba, akasoma tarehe tatu na inchi zake, moja baada ya nyingine.

— Muongo huyu, daktari. Miezi mitatu, na dozi mbili za vidonge keshamaliza.

Daktari alitikisa kichwa.

— Vidonge vinatuliza maambukizi, uvimbe wenyewe haupungui. Si kila uvimbe ni saratani. Lakini kwa mtu mzima, uvimbe wa hivi hatuendelei kuumezea vidonge kwa kubahatisha. Nitachukua sampuli kwa sindano.

Majibu yalitoka siku mbili kabla ya harusi. Ilikuwa saratani. Imeanzia kooni, ikashuka shingoni, daktari alieleza. Inatibika, ila hakuna siku ya kupoteza.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la korido. Mwalimu aliinamia viatu vyake.

— Nakuachia huru, Fundi. Wazee nitawaeleza mwenyewe.

— Nani kakuomba uhuru?

— Una hasira, naelewa...

— Nina hasira, tena sana! Ungekufa huku nakupima kola! Na kesho kutwa nitaolewa nikiwa na hasira hizi hizi, wageni watuone hivyo hivyo!

— Fundi, watu wanatutazama.

— Watazame! Hasira zangu si za mwaka mmoja, Mwalimu. Kwa hiyo utatibiwa, na utaishi, na utazisikia mpaka uzeeke!

Mwalimu alianza kulia mbele za watu. Fundi naye alikuwa akilia, ila bado amekunja uso. Akamshika mkono, akamwinua, wakarudi ndani kuuliza matibabu yanaanza siku gani.