Aliyeshika Miguu

Theodory, fundi simu hodari wa Maisaka kwa kusema kwake mwenyewe, alikuwa ameshaichomoa betri, lakini simu ya Mama Irine iliendelea kuwaka. Nembo ikatokea, simu ikatetemeka, kioo kikawa cheusi, kisha nembo tena. Ndivyo ilivyokuwa tangu ilipopakua toleo jipya. Sasa ilifanya hivyo bila umeme wowote, na kibanda kikaanza kunuka udongo mbichi na nywele zilizoungua.

Angeiflashi, shughuli ikaisha. Ila kuflashi ni kufuta kila kitu, na Mama Irine alikuwa amemsihi asubuhi hiyo kwa machozi.

"Picha zipotee, namba zipotee, fundi. Mle ndani kuna sauti ya Irine wangu. Kabla homa haijamchukua alikuwa ananirekodia salamu nikiwa shambani Mutuka. Hata shikamoo ilimshinda, anasema 'sikamoo'." Alicheka kidogo, kisha akalia. "Nilishamzika mara moja. Ukiifuta, utakuwa umenizikisha mara ya pili."

Basi Theodory akainama na bisibisi yake. Kati ya nembo na giza, spika ikanong'ona kwa sauti ya mtoto:

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu bila hata kuinua kichwa. Nani aliyelelewa vizuri huiacha salamu ya mtoto ikining'inia?

Hapo ndipo vidole vilipomshika miguu chini ya meza.

Vilikuwa vidogo, vya baridi, na vilikaza hadi akasikia kifundo kikivunjika kama muwa, akapiga yowe, akavutwa chini, mdomo ukagonga ukingo wa meza na meno yakamwagikia ulimini, na kadiri alivyorusha mateke ndivyo vilivyompanda, kwenye muundi, gotini, vikichana suruali na nyama kwa pamoja, huku juu ya meza simu ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, ikirudia shikamoo, shikamoo, shikamoo, kwa furaha ya mtoto aliyepata mchezo.

Hatibu, muuza vitenge wa duka la jirani, aliingia mbio na nondo ya kufungia mlango. Alichungulia chini ya meza, akatamka "Audhubillahi!" na kupiga kwa nguvu zake zote. Kitu kikalia. Hatibu akarushwa ukutani, paji la uso likapasuka, lakini miguu ya Theodory ikaachiwa.

"Imekusalimia?" Hatibu alinong'ona huku akijifuta damu machoni. "Ukaitikia?"

"Nimeitikia, mzee."

"Theo, anayesema shikamoo anaomba kushika miguu. Ukisema marahaba, umeshampa. Futa hiyo simu sasa hivi!"

Theodory alijiburuta hadi kwenye kompyuta, akachomeka waya. Kabla hajabonyeza, Mama Irine akatokea mlangoni na kapu la sokoni. Akaona damu, kapu likamponyoka.

"Shikamoo, mama," ikasema simu.

Mama Irine aliigeukia simu. Midomo ikafunguka.

"Usiitikie!" Theodory alipiga kelele. "Mama, Irine alikuwa anasemaje? Sikiliza! Alikuwa anasemaje?"

Simu ikarudia, kila herufi mahali pake. Mama Irine alisikiliza, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili na kukimeza kilio chake. Ilimuuma kuliko siku ya mazishi.

"Si yeye," akasema mwishowe. "Futa, fundi."

Theodory akabonyeza. Chini ya meza kitu kilijipigiza, kikakwaruza sakafu hadi simenti ikapasuka, kisha kikanyamaza. Harufu ikaondoka. Simu ikawaka hadi mwisho, safi kabisa, ikiuliza mwenyewe anataka lugha gani. Hatibu akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mama Irine akaichukua, akaikumbatia kifuani ingawa haikuwa na kitu tena. Alipogeuka kuondoka, sauti ikatoka pale kifuani, ndogo, yenye haya:

"Sikamoo, mama."

Theodory alijirusha akamzibe mdomo, lakini mguu uliovunjika ukamwangusha. Pale sakafuni aliviona vidole, vimetokeza kwenye pindo la kitenge cha Mama Irine, vimekunjuliwa, vinasubiri.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Irine.